Kiti Kisicholowa

Mvua ya Kasulu haina adabu, hilo mnalijua. Ilipiga tangu asubuhi, na kale kagari ka Saady kalikuwa uani, paa lake la turubai limekunjwa nyuma kama mkeka, wamesahau kulikunjua. Kagari kadogo, ka zamani, ka mbio, alikanunua Manyovu akodishie maharusi. Watu walikaita Kichwa Wazi. Maji yalijaa mpaka kwenye pedeli. Lakini kiti cha nyuma, upande wa kushoto, kilikuwa kikavu kama kilichoanikwa juani.

Nasma, bintiye Saady, ndiye aliyekigusa. Akanusa mkono wake wenye hina. Udi.

Alikimbilia kwa shangazi yake Mwanaheri, ambaye hakuwa amekanyaga kwa mdogo wake Saady tangu matanga ya mama yao.

"Shangazi, kwenye gari mna mtu. Nikikaa mbele ananipumulia shingoni. Ananiita mke wangu."

"Baba yako ametia nini humo?"

"Paa lilichanika. Akatia kiraka, kile kitambaa chekundu cha bibi."

Mwanaheri alishika mlango. Kitambaa kile kilikuwa cha jini la mama yao. Mama alikata roho akisema apewe Mwanaheri, akifukizie udi kila Ijumaa, jini litulie. Saady akakinyakua, eti mambo ya kishenzi, na kitambaa chenyewe kizuri. Ugomvi wenyewe ndio huo. Sasa Nasma anaolewa kesho, na gari la kumpeleka Kibondo ndilo hilo.

Mwanaheri alikwenda vile vile, na kanga yake ya kushindia, Nasma nyuma yake.

"Umekuja kuniwangia, dada?" Saady alicheka, ila kwa sauti ya chini.

"Nimekuja kuchukua changu. Simamisha paa, lete wembe."

"Uniharibie paa, na harusi kesho?"

"Huyo aliyekaa nyuma naye anajiona bwana harusi."

Saady akatupa jicho nyuma. Akaleta wembe.

Mwanaheri alipokata uzi wa kwanza gari likatikisika, na alipokata wa pili ule udi ukageuka harufu ya kafuri na udongo mbichi, na kiti kile kikabonyea polepole, springi zikalia, kama mtu anayejisogeza awape nafasi, na pumzi ya moto ikapita sikioni mwa Mwanaheri ikinong'ona Nasma, Nasma, naye hakuacha, akakata mpaka mwisho, akajifunga kitambaa kichwani akasema, "Njoo kwangu. Niliyeachiwa ni mimi. Mtoto muache."

Mvua ikapita kwenye tundu la paa mpaka kitini. Saady akakipapasa.

"Kimelowa! Dada, kimelowa!" Akamkumbatia, analia.

"Mawe, mama yangu! Niachie, unanivunja mbavu."

Lakini Mwanaheri alikuwa anasubiri. Mama alizoea kusema, jini likipanda, kichwa kinakuwa kizito kama ndoo ya maji. Chake kilikuwa chepesi.

Nasma akatoka barazani, akavuka ua taratibu katikati ya mvua ile ile iliyowatotesha wao. Kanga yake haikushika hata tone.

"Asante, shangazi," alisema, kwa sauti nene ya kiume. "Kwenye kile kiti nilikuwa nabanwa."