Chumba cha Kijani cha Bi Marigo

Zipu ya begi ililia gizani, kidogo kidogo, maana Anthi aliivuta kwa vidole viwili asimwamshe mwanawe Lenio. Kumbe mtoto yuko macho.

"Mama, tunaenda kwa Stamatis?"

"Tunaenda kwenye arobaini ya mama yake. Vaa viatu."

Koti jeusi lilining'inia mlangoni. Ni koti hilohilo lililomkutanisha na Stamatis majira ya baridi yaliyopita, stesheni ya Pireo, watu wakisukumana kutoka bandarini. Kamba ya boksi lake la lukumi, vipande vya peremende laini, ilikatika, sukari ya unga ikamwagika kifuani mwa Anthi.

"Koti limetoka kwa dobi leo," Anthi alisema.

"Basi mrudishie, mwambie limeongezwa utamu." Alikuwa kijana mrefu, sweta la bluu limepauka viwikoni. "Boksi kafunga mama. Ukitaka kulaani, mlaani yeye. Yuko kisiwani Siro, hasikii."

"Nipe kimoja tumalize kesi."

Baada ya hapo zilikuwa simu za kila jioni, Anthi akikoroga dengu, simu imebanwa begani. Wakapanga safari fupi ya Siro, ya kwanza kwa Anthi: Pasaka, kulala siku mbili tu. Meli ya asubuhi, kahawa uwanjani, kisha chakula kwa Bi Marigo, mama yake Stamatis.

"Utanishika mkono mbele za watu?" Anthi alimchokoza.

"Mkono tu? Wakikuona unashuka melini na mimi na mtoto, jioni wameshatuozesha."

"Usinitanie, mboni yangu. Mimi nimeshaachika mara moja."

"Na huyo mtoto anapenda rangi gani?"

"Kijani. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Pasaka ilipokaribia, sauti yake ilikuja imepoa. "Roho yangu, mama anasema tusiende sasa. Tungoje kidogo."

"Tungoje nini?"

"Ameniapisha nisiseme."

Anthi akazima jiko. Mama mkwe wake wa kwanza naye aliwahi kusema tungoje, na mpaka ndoa inavunjika hakuwahi kumkalisha mezani kwake. "Mwambie mama yako asijisumbue. Mimi na mwanangu tuna kwetu."

"Anthi, sikiliza..."

Hakusikiliza. Majuma mengi simu iliita, naye akaigeuza kifudifudi mezani. Mara nyingine mkono ulikwenda kuipokea, kiburi kikawahi. Kiangazi simu ikanyamaza. Kisha Septemba ukaja ujumbe: Mama tumemzika jana. Baadaye mwingine, wa kumtajia siku ya arobaini.

Stamatis aliwapokea gatini, shati jeusi, ndevu hazijanyolewa tangu msiba. Alichukua begi. Kanisani walikula ngano ya marehemu, imechemshwa, ina sukari na komamanga. Lenio akaomba tena. Halafu wakapanda ngazi hadi nyumbani, na mwisho wa ukumbi Stamatis akafungua mlango.

Kuta zilikuwa za kijani. Kijani changa, brashi imeacha michirizi, na karibu na dari rangi haikufika. Kitanda kidogo kimetandikwa shuka la kufumwa.

"Ilikuwa stoo ya baba," Stamatis alisema. "Mama alisema tungoje akitengeneze, mgeni wa mara ya kwanza halazi mwanawe kwenye kochi. Akapaka mwenyewe. Nilipotaka kumsaidia akanifukuza, eti mikono yangu ya Pireo haijui brashi."

"Ungeniandikia. Maneno mawili tu, Stamatis."

"Ningekuandikia. Nilikuwa nimeudhika, nikasema upoe kwanza wewe." Alitazama dirisha. "Meli ikipiga honi mama alikuwa anakaa pale. Mimi nakungoja wewe, wewe unaningoja mimi, na yeye anatungoja sote."

Anthi alijifuta macho kwa mkono wa koti. Alitamani kuomba radhi, ila mwenye kuombwa hakuwepo.

"Meli ya kurudi ni jioni," alisema.

"Begi limenivunja mgongo kwenye ngazi zile. Silishushi leo."

"Nalo lina nguo za siku moja tu."

"Nitakufulia."

Anthi akakaribia kucheka, akashindwa. Akamwachia mkono wake aushike.

Lenio alikuwa amevua viatu. Alipanda kitandani, akaweka kiganja ukutani, palepale brashi ilipoacha mchirizi.

"Bibi alijua rangi yangu," alisema.