Mke Wangu Haongei Hivi

"Mpenzi wangu, nisikilize vizuri. Usishtuke."

Komeo aliibana simu sikioni, mgongo kwenye mlango wa daktari wa meno, ghorofa ya tatu ya jengo la tajiri wao. Ndani, Madamu, mke wa tajiri, alikuwa kitini, mdomo wazi. Namba iliyopiga ilikuwa ya mke wake Komeo. Na sauti ilikuwa yake, mpaka kile kikwaruzo cha mafua yasiyoisha.

"Nakusikia."

"Kamera za mbele zimezimwa, kuna watu wenye silaha getini. Mtoe Madamu kwa mlango wa nyuma, gari jeupe linawasubiri. Haraka, mpenzi."

"Sawa."

Akakata. Alikuwa kazini tangu jana yake, macho yanawasha kama yametiwa mchanga. Yeye alilinda mwili wa Madamu. Mke wake, ambaye kazini walimwita Kioo, alikaa nyumbani kwa tajiri mbele ya skrini, akilinda simu, kamera na milango ya umeme ya majengo yote ya tajiri. Mzee, yaani tajiri mwenyewe, alipenda kusema mlinzi bila mtandao ni kipofu, na mtandao bila mlinzi ni kiwete. Kwa hiyo Kioo akisema tokeni, mnatoka. Hakuna maswali.

Komeo akafungua mlango.

"Madamu, inuka twende. Daktari, na wewe."

"Na hii ganzi?" Madamu aliuliza, ulimi mzito.

"Itaisha yenyewe, Madamu. Twende."

Lakini hakuelekea mlango wa nyuma. Aliwasukumia wote kwenye stoo ya mashuka, akafunga kwa ndani, akanyanyua simu ya ukutani na kupiga chumba cha ulinzi nyumbani kwa tajiri.

"Nani?" Sauti ilikuwa kali kama pilipili.

"Mimi."

"Wewe! Mbona unapiga kwa namba hiyo? Simu yako imezima tena? Si nilikwambia ununue chaja..."

Komeo akafumba macho. Huyu sasa ndiye mke wake.

"Umenipigia sasa hivi?"

"Nikupigie ili iweje? Tangu asubuhi hata maji sijanywa."

"Kamera za mbele zimezima?"

"Zote zinafanya kazi. Mlinzi wa geti namwona hapa anapiga miayo." Vidole vikagonga kibodi. "Nyuma kuna gari jeupe. Si letu. Lina wanaume wawili... Wewe, msitoke! Umenisikia? Msitoke!"

"Tuko stoo."

"Nafunga mlango wa nyuma na geti la maegesho kutoka huku. Polisi nawapigia kwa simu nyingine." Sauti ikapoteza ukali. "Usikate. Kaa hapo hapo, nikusikie unapumua."

Polisi waliwakuta wale wanaume ndani ya gari lao, geti limefungwa mbele yao, mlango nyuma yao, wametulia kama panya ndani ya debe.

Mchana Mzee aliwaita wote wawili sebuleni. Kioo akaeleza, huku akijisugua paji la uso: majambazi walichota sauti yake kwenye mafunzo aliyowahi kutoa mtandaoni, wakaipika kwa kompyuta, wakaighushi na namba yake.

"Simu za kazi zinarekodiwa, Mzee. Nimeisikiliza. Hata mimi nimedhani ni mimi."

Mzee akamgeukia Komeo. "Sasa wewe ulijuaje?"

Komeo akamtazama mkewe, halafu zulia.

"Tuna neno letu la siri. Hakulitaja."

"Safi! Ndoa kama hizi ndizo nazitaka kazini kwangu."

Hawakuwa na neno lolote la siri. Kioo akamfuata mumewe mpaka kwenye maegesho.

"Wewe, subiri. Ulijuaje?"

"Nimechoka, mke wangu. Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani lini? Zamu zetu zinakutana mchana tu, huku kazini. Wewe ukiingia, mimi natoka. Kitanda chetu hakipoi, na bado hatukutani. Sema."

"Achana nayo."

"Baba Nanii, sema!"

"Aliniita mpenzi wangu."

Kioo akatoa simu yake, akapekua meseji alizomtumia mumewe. *Gesi imeisha. Fundi bomba kaja? Mtoto anakohoa, nimempeleka kwa bibi yake. Usiniamshe ukiingia.* Akapandisha juu, na juu zaidi. Ni hayo hayo.

"Kwa hiyo nimemwokoa Madamu kwa roho mbaya yangu." Akacheka, kicheko kikageuka machozi.

"Si roho mbaya. Ni uchovu."

"Kwani zamani nilikuwa nakuitaje?"

"Weee! Mpaka mama mkwe akawa anakohoa sebuleni makusudi."

Wakacheka kidogo, wameegemea gari kama wagonjwa waliopewa ruhusa.

"Walijua njia zetu, magari yetu, kila kitu," Kioo akasema. "Walichokosea ni kudhani tunapendana."

Komeo akamgeukia. "Hatupendani?"

"Ningekuwa sikupendi, ningetaka nikusikie unapumua? Nilikuwa nakosea mpaka nywila yangu mwenyewe."

Akafuta uso kwa kiganja, akageuka, akarudi ndani.

"Mzee, kuanzia leo mimi na mume wangu tunafanya zamu moja. Tukilala, tunalala wote."

"Haiwezekani! Leo umeona mwenyewe. Lazima mmoja wenu awe macho muda wote."

"Tafuta wengine wawili wa kupokezana nasi. Tutawafundisha."

"Na nikikataa?"

"Utatukosa wote wawili. Sikutishi, Mzee. Nimechoka tu."

Madamu, shavu limevimba, akajiinua kwenye kochi.

"Mume wangu, waache wakalale. Wakiishiwa nguvu kwa kukosa usingizi, mimi ndiye nitakayetekwa."

Mzee akashusha pumzi. "Haya. Nitatafuta watu. Nendeni."

Walifika nyumbani jua bado kali. Komeo akavuta pazia. Kisha wakabaki wamesimama mbele ya kitanda, kila mmoja ameshika viatu vyake.

"Upande wako ni upi?" Komeo aliuliza.

Kioo akafikiri. "Sijui. Huwa nalala katikati."

"Na mimi."

Wakatazamana.

"Basi pita wewe ukutani," Kioo akasema. "Leo upande wa mlango ni wangu."

Akapanda baada yake, akavuta shuka, akamgeukia amwambie jambo jingine. Komeo alikuwa ameshalala.