Sahihi ya Kwanza

Siku ya soko pale Kamurui, mji wetu mdogo wa mtoni, Kefa alikanyaga mafungu ya mboga za managu kwa viatu vyake vipya vya ngozi.

"Wee! Macho uliacha nyumbani?" Kagure, mwenye mboga, alifoka, kilemba cha maua kichwani, mikono kiunoni.

"Pole, mrembo. Nitanunua yote."

"Ati yote? Na unajua kupika?"

"Si utanifundisha."

Akacheka. Hasira za Kagure hazikai. Kefa alikuwa afisa wa mipango katika ofisi ya mji, mtu wa kutoka Busia, na kwa miezi minne walipigiana simu mpaka masikio yakawaka moto.

Kibanda alichouzia, kando ya daraja, kilikuwa cha Wangechi, mamake Kagure. Kabla yake kilikuwa cha nyanyake Kagure, aliyelazimishwa na wakoloni kubeba mawe ya daraja hilohilo wakati wa Hali ya Hatari. Hati hawakuwa nayo. Mji mzima ulijua tu kwamba ni chao.

Mwezi wa sita ofisi ikaita wananchi kanisani watoe maoni kuhusu soko jipya. Akina mama wa sokoni walifika, lakini walisita kutia sahihi kwenye orodha. Kefa akampigia Kagure.

"Mpenzi, njoo uanze wewe. Wakikuona, watasaini."

"Tunasaini nini?"

"Ya kuonyesha mlikuja tu. Na ya soda na mkate."

"Haki ya Mungu?"

"Sasa mimi nitakudanganya?"

Mapenzi bwana! Kagure akasaini bila kusoma, akina mama sitini wakamfuata.

Wiki tatu baadaye tingatinga likaja asubuhi na mapema. Nyuma ya amri ya kubomoa vibanda ilibanwa ile orodha: wananchi wamekubali. Jina la kwanza, Kagure. Wangechi alilisoma, akamtazama bintiye, akaanza kuokota mabati. Heri angetukana.

"Ulijua?" Kagure aliuliza kwenye simu.

Kefa akasema, "Bosi alisema nisipoleta majina, kazi imeenda."

Kagure akakata simu.

Disemba Kefa alimkuta Kagure akiuza managu juu ya gunia kando ya lami, yeye na mamake. Kefa alikuwa amevaa suti ya kijivu, mkononi kalamu na fomu ya ndoa kutoka kwa msajili wa Nyeri.

"Nimeacha ile kazi, Kagure. Niko na hii tu. Nimejaza pande yangu, imebaki sahihi yako."

Kagure alifuta mikono, akaisoma yote, mstari kwa mstari, machozi yakimtoka wazi.

"Nakupenda, Kefa. Hiyo ndiyo inaniuma. Lakini wale wamama walisaini kwa kuamini jina yangu, na mimi nilisaini kwa kukuamini wewe. Saa hii nasoma kwanza."

"Na umeona nini mbaya hapo?"

"Jina yako."

Akamrudishia fomu na kalamu, akainama kumfungia mteja managu ya shilingi ishirini.