Magoti ya Baiskeli

Haya nilisimuliwa na mdogo wangu, mpelelezi mstaafu, Jumapili iliyopita tukianua nguo. Yeye hapambi maneno, nami nayaandika alivyoyasema.

Jumamosi moja, saa tatu kasoro robo asubuhi, binti mmoja mwoka mikate, hodari wa kushuka milima kwa baiskeli, alikutwa chini ya jiwe kubwa kwenye njia ya mashindano, bega limevunjika. Baiskeli ilikuwa kando yake. Shokapu za mbele, zile zinazomeza mishtuko, zilikuwa zimezama na hazikuinuka tena.

Kufika saa nane mchana, lawama zote zilikuwa juu ya fundi. Kwenye fremu ilining'inia kadi yake ya matengenezo, na mstari wa mwisho ulisema: "Jumanne. Shokapu zimefunguliwa, mafuta mapya." Chama cha waendeshaji kikampa mpaka Jumatatu ajieleze, la sivyo karakana yake ifungwe.

Fundi akaenda kwa mpelelezi, jirani yake, macho mekundu.

"Dada, hiyo Jumanne baiskeli sikuiona. Magoti yake sijayagusa tangu mwaka jana."

"Magoti?"

"Haya ya mbele. Baiskeli inapiga magoti, inainuka. Isipoinuka, magoti yanaumwa. Wananicheka, lakini ndivyo alivyonifundisha marehemu baba."

"Na wateja unawaambia hivyo hivyo?"

"Wote. Mke wangu keshachoka."

Mpelelezi akaanza na mpinzani wa binti, anayeitwa Kipepeo, kwa sababu saa mbili asubuhi ile alionekana ameiinamia baiskeli.

"Ulikuwa unafanya nini pale?"

"Nilimwazima pampu, tairi lake lilikuwa laini. Mama, mimi nataka nimshinde akiwa mzima. Nikimshinda yuko kitandani, nitamtambia nani?"

Pampu yenyewe ilikuwa ya tairi, mdomo wake haukukaa kwenye shokapu, asingeweza kuziharibu kwayo. Akamwacha aende.

Jumapili saa nne asubuhi walikutana sebuleni kwa binti: yeye na bega lake lililofungwa, fundi, mpelelezi, na kaka yake binti. Kaka ndiye aliyepewa kazi ya kuipeleka baiskeli kwa fundi, maana dada mtu hushinda kwenye tanuri.

Fundi akatandaza gazeti chini ya baiskeli, akafungua shokapu mbele ya wote. Yakachuruzika matone machache, meusi kama masizi, yenye mchanga. Mipira ya kuzuia vumbi ilikuwa imekauka, migumu kama kucha.

"Mafuta ya siku tano hayawi hivi," fundi akasema.

"Basi uliandika uongo," kaka akadakia. "Kadi si yako?"

Mpelelezi akaishika ile kadi. "Twende polepole, mwanangu. Ulimkabidhi saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, Jumanne."

"Akakwambiaje? Nataka maneno yake hasa."

"Akasema, 'Shokapu zitakuwa tayari kesho saa kumi.'"

Binti akacheka, bega likamkumbusha, akaguna. "Huyu aseme shokapu? Huyu?"

Mpelelezi akaiweka kadi mezani. Mistari sita ya juu yote ilisema magoti: magoti yamefunguliwa, magoti yametiwa mafuta. Wa saba peke yake ulisema shokapu.

Kaka akaitazama kadi, kisha akamgeukia dada yake.

"Fundi angekaa nayo siku mbili," akasema. "Nilitaka nishuke nayo ule mteremko wa machimboni, japo mara moja, nijue unachokijua wewe. Nikaiosha. Nikaifuta ikang'aa, nikaona inatosha. Ndipo nikaandika kwenye kadi."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Ningekataa," dada akasema. "Halafu siku yangu ya mapumziko tungeshuka wote."

Kaka akaandika barua kwa chama kwa mkono wake, akaitia sahihi. Kisha fundi akamsogezea kitambaa na mipira mipya.

"Kuosha ni kumnawisha uso mgonjwa. Goti linafunguliwa. Kaa hapa, nikuoneshe."

Kufika saa tisa alasiri, binti alikuwa amelala kwa dawa, na fundi anakoroma kitini. Kaka akaubonyeza usukani. Baiskeli ikapiga magoti, ikainuka. Akabonyeza tena, akangoja iinuke. Halafu akajinyoosha mkekani, mikono ikinuka mafuta, akalala.

Mpelelezi akamfunika shuka, akarudi kitini, naye usingizi ukampitia.