Matawi Mabichi Njiani

Jean-de-Dieu, rafiki yetu dereva wa Bulengera, alienda Beni wakati wa vita kununua pneu mupya, mupira wa gurudumu la gari yake. Aliifunga mbele, kushoto, akaiandika jina lake kwa rangi nyeupe, maana aliogopa wezi.

Wakati wa kurudi, ndani ya ukungu, akakuta matawi mabichi njiani, alama ya gari iliyoharibika. Mbele mutu alikuwa anagonga chuma: ko, ko, ko.

"Enda umusaidie, papa," muke wake Yolande, aliyekuwa naye ndani ya gari, akamwambia. "Hapa hapana fasi ya kulala."

Alipokaribia, kelele ikakatika. Hakukuwa na gari wala mutu, ila pneu moja, ingali na joto, imetobolewa na risasi tatu. Ilikuwa na jina lake, kwa mwandiko wake.

Akageuka kutazama gari yake. Pneu ya kushoto bado ilikuwa nzima.