Jiwe Sitoi

Kila siku nikitoka shule napitia dukani kwa mama, anakochanganya rangi za nyumba. Nafagia, namaliza kazi za shule, ndipo naruhusiwa kukaa saa moja kwenye kompyuta kuukuu iliyo nyuma ya makopo.

Humo ndimo ninamofua silaha. Mchezo wetu unachezwa mtandaoni, na wenzangu wa darasa la sita wamenikabidhi ghala la kikosi. Tuna jiwe la mwezi moja tu, tulilolitafuta kwa wiki tano. Bila jiwe hilo hakuna upanga wa barafu, na bila upanga, joka tutakalopigana nalo Jumamosi litatumaliza sote. Tatizo ni kwamba mchezo haukwambii vipimo. Unatia chuma, barafu na manyoya tanurini, na ukikosea kila kitu kinaungua.

Siku hiyo Kamanda, kiongozi wa kikosi chetu, aliingia dukani akihema.

"Toa jiwe! Nimepata vipimo. Kuna mtu mtandaoni kaniandikia: vipande vinne vya chuma, viwili vya barafu, unyoya mmoja."

"Mtu gani?"

"Simjui. Lakini ni bingwa."

"Humjui, lakini bingwa! Sitoi."

"Wewe umejaribu mara arobaini, umepata nini? Majivu! Usipotoa leo, kesho tunakutoa kikosini."

Iliniuma, maana alisema kweli. Nilikuwa najaribia visu vidogo, ambavyo vipimo vyake ni vilevile ila vinatumia vumbi la jiwe, ambalo tunalo tele, badala ya jiwe lenyewe. Vyote viliungua, na kila jaribio nililiandika daftarini. Machozi yalinilenga, lakini sikurudi nyuma. "Nitoeni! Jiwe sitoi ng'o!"

Mama aliacha kukoroga. "Hebu nione daftari lako, mbishi wangu." Alisoma kurasa mbili. "Hapa umeongeza chuma, papo hapo ukapunguza barafu. Hapa tena hivyohivyo. Sasa nini kilikiunguza kisu, chuma au barafu?"

"Mchezo wenyewe," nilijibu nimenuna.

Kamanda alicheka. Mama hakucheka. "Mimi nikikosa rangi ya mteja, naongeza tone la rangi moja, napaka ubaoni, naangalia. Nikitia mbili kwa mpigo, sijui ipi imeharibu."

Nilifunua kurasa nyingine; zote zilikuwa hivyohivyo. Mara arobaini zote, lo! Nikamgeukia Kamanda. "Nilijaribu ovyo, nakubali. Lakini vipimo vyako navyo havijajaribiwa. Vuta kiti, tuanze na kisu."

Vipimo vya bingwa viliunguza kisu palepale. Kamanda akawa mdogo kama pilipili. Tukaongeza barafu peke yake: kipande cha tatu, kisu kikaungua polepole, cha nne, kikapasuka tu bila kuungua. Tukaiacha barafu hapo, tukagusa manyoya. Unyoya wa pili ulipoingia, kisu kikatoka kizima, cha buluu, kinang'aa.

Jiwe nililitia mimi mwenyewe. Upanga ukatoka.

"Nilijua tu!" Kamanda akapiga kelele.

"Ulijua nini wewe?"

Mama alifunika kopo lake. "Ubishi wako siukatazi, mwanangu. Leo umeokoa jiwe. Lakini usimwamini bingwa kabla hujapima, na wewe mwenyewe usijiamini kabla hujapima. Ukikosea, sema, kama ulivyosema leo."

Nilikubali. Na likipatikana jiwe jingine, Kamanda akija kabla hatujajaribu kwa kisu, bado sitoi.