Bei ya Undugu

Mama Sare alishona sare za shule kwa miaka kumi na miwili. Cherehani yake ilikaa dirishani, na mabunda ya sare yalijaa hadi kitandani. Kila muhula alikodi gari la kuyapeleka shuleni, na faida yote ikaishia kwa mwenye gari. Basi akajibana, akaweka akiba ya kununua gari lake mwenyewe.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliuza magari kwenye yadi ya mjini. Mama Sare akamwendea moja kwa moja.

"Shemeji, kwako sina maneno mengi," alisema yule bwana, akigonga boneti ya gari moja. "Hili milioni nane. Ni bei ya undugu."

Mama Sare alitaka kuuliza kama inapungua. Alitaka kusema ataleta fundi kwanza. Akaona haya. Utamletea fundi mtu aliyebeba jeneza la mumeo? Akalipa zote, tena akamwombea baraka.

Baada ya miezi miwili injini ilikufa njiani, sare za shule nzima zikiwa ndani. Shule ikafunguliwa watoto hawana sare. Mwalimu mkuu akampa kazi mshonaji mwingine.

Mama Sare alimpigia shemeji.

"Lilitoka hapa zima," alijibu. "Kwani tuliandikiana nini?"

Hawakuandikiana chochote.

Jirani yake, fundi magari aitwaye Grisi, alifungua boneti. Akatikisa kichwa.

"Injini hii ilikufa zamani, ikafufuliwa ili iuzwe. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, mama. Yadi nyingine, gari kama hili, tena zima, ni milioni sita."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Mama Sare kwa uchungu. "Na nguo nashona mwenyewe."

Grisi hakucheka. "Wewe hukati kitambaa kabla ya kupima. Gari nalo lipime. Pita yadi tatu, uliza bei. Nenda na fundi alikague, aliendeshe. Ukilipenda, usioneshe. Taja bei yako, kisha nyamaza. Wakikataa, ondoka. Na usitoe hata senti kabla ya kuandikiana."

"Hata kwa ndugu?"

"Kwa ndugu ndiyo kabisa. Kwake ndiko unakoona haya."

Mama Sare aliuza lile gari kama chuma chakavu. Akashonea shule nyingine miaka miwili, mgongo ukapinda. Kisha akapita yadi tatu pamoja na Grisi. Ya tatu ilikuwa ya shemeji. Alitaka kumtazama usoni.

Grisi alikagua gari moja dogo. Injini nzima, matairi yamekwisha.

"Milioni saba," alisema shemeji. "Bei ya undugu."

"Tano na nusu. Matairi yamekwisha," alisema Mama Sare.

"Shemeji! Umeniletea fundi? Huniamini?"

Mama Sare alinyamaza. Akachukua mkoba, akaelekea getini. Haya ilimchoma bado, lakini hakusimama.

Shemeji akamkimbilia. "Haya, haya! Tano na nusu!"

Kumbe inapungua! Siku zote ilikuwa inapungua. Mama Sare akasoma mkataba mstari kwa mstari, wakatia saini, ndipo akalipa.

Muhula uliofuata sare za shule hiyo zilifika siku tatu kabla haijafunguliwa. Yule mwalimu mkuu wa kwanza akapata habari, akamrudishia kazi yake.

Jioni ile shemeji alipiga simu. "Shemeji yangu, nasikia gari linakwenda vizuri!"

"Linakwenda, muuzaji," alijibu Mama Sare, akarudi kwenye cherehani yake.